Kikohozi cha Njia ya Yiti

Mirembe hakuwa na kikohozi. Alikohoa miezi saba, kila Jumatatu na kila Alhamisi, kutoka Hail, mtaa wa Maskati, mpaka Yiti na kurudi, na muda wote huo kifua chake kilikuwa kizima kabisa.

Alikuwa akimkoholea Japheth.

Japheth alikuwa dereva wa nyumba ile, Mkenya wa Kitale, mrefu, mwenye sauti nzito na kicheko cha karibu. Mirembe, msichana wa Masaka huko Uganda, alikuwa mtumishi wa Bibi Nasriya, mwenye nyumba. Mara mbili kwa wiki Bibi alikwenda Yiti kumtazama dada yake, mgonjwa wa kitandani, na Mirembe alikwenda naye. Walikaa wote wawili kiti cha nyuma, kapu la chakula katikati yao, Bibi na tasbihi yake mkononi. Njia yenyewe ni ndefu. Ukishauacha mji unaingia milimani, barabara inapanda na kushuka, inapinda huku na huku baina ya majabali makavu, na jua linakupiga usoni. Ni njia ya kumsinzisha hata aliyelala vizuri, na Japheth hakuwa akilala vizuri.

Ugonjwa wake ulikuwa mpira. Timu za Ulaya hucheza wakati watu wa Maskati wamelala. Mechi ikiisha, Japheth alianza kubishana na wenzake kwenye simu, huyu anamtukana kipa, huyu anamlilia refa, mpaka adhana ya alfajiri iwakute. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, hakuwa na maneno machafu. Ni mpira tu. Mirembe alipozitaja sifa za Japheth kimoyomoyo, na alizitaja mara nyingi wakati wa kupiga pasi, hilo nalo alilitia katika sifa. Mwanamume anayekesha na mpira, alijiambia, hakeshi na mwanamke.

Siku ya kwanza alipoyaona macho ya Japheth yanafumba katika kioo cha mbele, alilishika kapu kwa mikono miwili. Gari lilikuwa linaelea kushoto taratibu. Kumwita jina mbele ya Bibi hakuweza. Bibi angeuliza kuna nini, na akishajua, Japheth hana kazi. Basi akakohoa kwa nguvu. Macho yakafumbuka, usukani ukarudi, na Japheth akasema kwa sauti ya uchangamfu, "Pole, Mirembe. Ni vumbi hiyo."

Hakujua kwamba alisinzia. Kwake ilikuwa kope moja tu, imeshuka na kupanda.

Tangu siku hiyo Mirembe akawa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyemtuma. Aliacha kutazama milima, akatazama kioo. Alijifunza dalili zote: kwanza Japheth huacha kuimba, kisha hujikuna shingo, kisha kidevu hushuka kidogo, na hapo ndipo pa kukohoa. Siku nyingine alikohoa mara tatu, siku nyingine mara tisa. Alipofika nyumbani alikuwa hoi, na ndani ya ule uchovu mlikuwa na furaha asiyoweza kumsimulia mtu. Wasichana wengine wakimpenda mtu humtumia picha. Yeye alikuwa amembeba mtu mzima mikononi, kona baada ya kona, na mwenyewe hajui kwamba amebebwa.

Walikuwa wakizungumza asubuhi uani, Japheth akiosha gari, Mirembe akianika nguo. Kiswahili Mirembe alikuwa amejifunzia humu humu, jikoni kwa Bibi, mzaliwa wa Unguja, na Japheth hakuchoka kumcheka.

"Wewe ni Mganda gani, unaongea kama mtu wa harusi ya Zanzibar?"

"Nnaongea kama Bibi alivyonfunza."

"Ati 'nnaongea'! Sema tena, mama harusi."

"Sisemi. Macho yako mekundu leo, Japheth. Ulale mapema."

"Wacha wasiwasi. Mimi hata nikilala, usingizi wangu uko na breki."

Mirembe alicheka, akageukia kamba ya nguo ili uso wake usionekane. Angeweza kusema wakati ule: jana ulilala, nimekuona, mara tano. Lakini angemwaibisha, na mtu uliyemwaibisha haji tena kusimama karibu na kamba yako ya nguo. Akaendelea kuanika. Wiki ile ile Japheth alimletea pakiti ya peremende za kikohozi kutoka soko la Matrah, akamtupia dirishani kama mtu asiyejali. Mirembe hakula hata moja. Alizificha chini ya mto.

Aliyeuchukulia moyoni ugonjwa ule hasa alikuwa Bibi Nasriya. Alimnywesha asali na habasoda kila asubuhi. Jioni alimkalisha chini, akamfunulia kanga na kumsugua kifua mafuta ya karafuu kwa mikono yake mwenyewe, huku akipiga hadithi za Unguja na za marehemu mumewe.

"Alikuwa bahili yule! Sabuni aliikata kwa uzi, mwanangu. Ndugu zangu wakinambia, Nasriya, umeolewa na bahili, nami nawajibu, si bahili, ana mipango. Miaka thalathini nnasema ana mipango. Ukipenda chongo huita kengeza."

"Na sasa, Bibi, unasemaje?"

"Sasa kafa, Mungu amrehemu, nnasema alikuwa bahili. Lakini ubahili wake ulinibana mimi peke yangu. Haukumfika mtu mwengine. Hebu vuta pumzi. Bado kinakereketa?"

"Kidogo, Bibi."

Uongo mwingine wote Mirembe aliweza kuukalia. Huu, mikono ya Bibi ikiwa juu ya kifua chake kizima, ulimchoma. Kila jioni aliazimia kuacha, na kila Jumatatu kidevu cha Japheth kilishuka.

Kisha ikaja Jumatatu moja mbaya kuliko zote. Alikohoa mara kumi na nne. Alhamisi yake asubuhi, alipokwisha kufunga kapu na kuvaa viatu, Bibi alimkuta mlangoni.

"Vua. Leo huendi."

"Nimepona, Bibi."

"Umepona nini, na wewe Jumatatu umekohoa hata nikakosa hesabu ya tasbihi yangu? Vumbi la njia ile ndilo linalokumaliza. Lala. Nikirudi n'takupeleka kwa daktari."

"Bibi, nani atakubebea kapu?"

"Kwani Japheth kakatwa mikono?"

Mirembe alitoka na kapu mpaka kwenye gari. Japheth alikuwa akifuta kioo, macho yamemvimba. Usiku uliopita timu yake ilicheza na kushinda, na yeye kila akikumbuka alitabasamu. Bibi alikuwa anakuja nyuma yao, polepole, akishikilia ukuta. Nafasi ilikuwepo, fupi, lakini ya kumtosha mtu kusema neno moja. Mirembe alimpa Japheth vipande vya ndimu vyenye chumvi na pilipili ndani ya karatasi, vya kumfukuzia usingizi.

"Endesha polepole," alimwambia.

"Sawa, mama harusi."

Akasimama akilitazama gari mpaka likapinda. Kisha akaingia ndani kulala, kama alivyoamriwa, akajifunika shuka na kutazama dari.

Simu ilipigwa saa sita mchana. Hatem, mtoto wa kiume wa Bibi, alipita ukumbini akikimbia, kofia mkononi. Katika mteremko wa mwisho kabla ya Yiti, gari lilikuwa limekwenda moja kwa moja likagonga chuma cha ukingoni. Japheth alipasuka kidogo juu ya jicho. Bibi Nasriya alivunjika nyonga.

Japheth alisema ni mbuzi. Mbuzi amekatiza ghafla, naye akamkwepa. Njia ile ina mbuzi wengi, kila mtu anajua, na hakuna aliyemwuliza mara ya pili. Hatem hata alimpiga bega. "Mwengine angetumbukia korongoni," alisema. Na Bibi hospitalini, akiulizwa, alijibu tu, "Nilikuwa nimefumba macho, nnasoma uradi wangu. Sikusikia breki. Nilisikia kishindo."

Sikusikia breki. Mirembe alikuwa amesimama mguuni pa kitanda na kikombe cha maji mkononi. Alikitua mezani, akaanza kumkunjia Bibi shuka miguuni.

Bibi aliletwa nyumbani baada ya wiki tatu, mwembamba, akiwa hawezi kujigeuza. Mirembe alimlisha, alimwosha, alimgeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isimchubuke. Alifanya kazi kama anayefukuzwa. "Huyu si mtumishi, ni mtoto wangu wa tumbo," Bibi aliwaambia wageni waliokuja kumjulia hali, na wageni wakamtazama Mirembe kwa heshima, naye akatamani ardhi imfunike. Japheth hakuwa na safari tena. Alikaa kibarazani akichezea simu, na kila alipomwona Mirembe alisema, "Yule mbuzi, aki, alitoka wapi?" Mirembe alipita na beseni lake.

Alhamisi moja akaja Reem, binti wa Bibi, anayekaa mitaa miwili kutoka pale. Alimfuata Mirembe jikoni, akafunga mlango.

"Mirembe, nataka nikuulize kitu, unambie kweli. Mama haendi popote sasa, na Japheth kakaa bure. Nataka awe ananipelekea watoto skuli, kuanzia Jumapili wiki ya skuli ikianza, mimi niwahi kazini. Hatem anamsifu. Lakini wanaume husifiana. Wewe umekaa nyuma yake mwaka mzima. Dereva mzuri?"

Sufuria ilikuwa inachemka. Mirembe aliinua kifuniko, akachungulia ndani pasipo sababu.

"Dereva mzuri, mama."

"Hakimbizi gari?"

"Hakimbizi."

"Hashiki simu?"

"Akiendesha hashiki."

Yote mawili yalikuwa kweli. Reem alimshukuru, akamshika mkono, akaenda zake. Mirembe alibaki na kifuniko mkononi mpaka wali ukaungua.

Ijumaa ukoo mzima ulikula chakula cha mchana pale. Watoto wa Reem, Alaa wa miaka saba na kaka yake Aflah wa tisa, walikuwa wameshaambiwa habari ya dereva, na walikuwa wamegombana tayari.

"Nakaa mbele mimi!" alisema Aflah. "Mimi mkubwa."

"Mkubwa wa miguu tu! Mama, mwambie!"

"Mtakaa nyuma nyote wawili," Reem alisema, "mikanda imefungwa, na kimya. Sitaki mumpigie dereva kelele. Nikisikia mmemsumbua, tutaelewana."

Mirembe alikuwa anatandaza sufra ya kulia chakula. Akawaona, wawili wale, nyuma, kimya, kama walivyofunzwa adabu, wakiitazama shingo ya Japheth. Wakiona kidevu kinashuka hawatajua ni nini. Watakaa kimya, kwa sababu wameambiwa wakae kimya. Alirudi jikoni akajishika kwenye sinki. Nitasema na Japheth mwenyewe, alijiambia. Nitamwomba aache mpira. Lakini alijua kwamba tayari amempenda na mpira wake, na hana neno la kumwambia ambalo ndimu na pilipili hazijamwambia.

Jumamosi asubuhi alikuwa anamgeuza Bibi upande wa kulia, amempitishia mkono chini ya mgongo, nyuso zao zimekaribiana. Bibi akamtazama, akatabasamu.

"Unajua kitu nilichokiona? Tangu nivunjike, hujakohoa hata mara moja. Wiki ya tano hii. Nilikuwa nimelala pale hospitali, nnamwomba Mungu, Yarabi, mimi mkongwe basi, lakini mponye huyu mtoto. Al-hamdulillahi. Imekubaliwa."

Mirembe alimlaza taratibu, akampangia mito nyuma ya mgongo mmoja mmoja. Kisha akakaa chini kando ya kitanda.

"Bibi, sikuwa naumwa."

"Lini?"

"Siku zote. Nilikuwa nnakohoa kumwamsha Japheth. Alikuwa analala, Bibi. Anaendesha huku analala. Na siku ile hakukuwa na mbuzi. Sikuwepo mimi."

Aliyasema akiitazama miguu ya kitanda. Sauti ya Bibi ilipokuja ilikuwa ndogo.

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

"Na wewe umo humo humo garini. Ungekufa na wewe."

"Nilijua nitamwamsha."

"Na mimi je?"

Mirembe alilinyoosha pindo la shuka lililokuwa limenyooka.

"Ninakusugua kifua," Bibi alisema. "Mikono hii. Na wewe unanitazama." Akafumba macho. "Unampenda?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na hukuyaona makosa yake?"

"Niliyaona. Nnayajua yote. Nilidhani nikiyaziba mimi, hayatakuwepo."

"Niitie Hatem," alisema Bibi Nasriya. "Na wewe usiingie hapa mpaka nikuite."

Mirembe alimwita Hatem, na Hatem akampigia Reem simu. Reem alikuja mbio, hakuvua hata viatu. Alisimama mbele ya Mirembe pale ukumbini. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Nilikuuliza kwa watoto wangu. Ulinitazama usoni, Mirembe. Usoni."

"Nisamehe, mama."

"Jumapili ni kesho. Unafahamu? Ni kesho."

Hatem alitaka wote wawili warudishwe makwao. Aliyekataa alikuwa Bibi mwenyewe, akisema kutoka kitandani, mlango wazi, ili Mirembe asikie. "Japheth aende. Huyu abaki. Sijamsamehe, msije mkadhani. Lakini mikono yake nimeizoea, na mimi siwezi kugeuzwa na mtu mpya." Tangu siku hiyo hakumwita tena mwanangu. Alimwita Mirembe, jina tupu.

Tiketi ya Japheth ilikuwa ya Jumanne jioni. Alasiri hiyo alikaa uani juu ya begi lake, akingoja gari la kumpeleka uwanja wa ndege. Mirembe alitoka kuanua nguo, kwa sababu zilikuwa zimekauka na hapakuwa na mwingine wa kuzianua. Alitegemea matusi. Alikuwa ameyatayarishia moyo, hata alikuwa akiyatamani.

"Bosi Hatem ameniambia," Japheth alisema. "Ati ulikuwa unanikoholea."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Kila safari. Siku nyingine mara tisa. Ile Jumatatu ya mwisho, kumi na nne."

Japheth aliguna kama mtu aliyepigwa ubavuni. Alishika kidonda chake juu ya jicho, kilichokuwa karibu kupona.

"Mimi nilikuwa najua nafumba kidogo tu. Kama mara moja hivi, kwa mwezi. Haki ya Mungu, Mirembe. Nilikuwa najiona dereva."

"Na mbuzi?"

"Sijui mbuzi. Nilifungua macho nikaona chuma. Nikasema lazima kulikuwa na mbuzi, kwa sababu mimi silali." Akavuta mkanda wa begi. "Ile siku ya kwanza kabisa ungenizaba kofi. Ungeniambia, wewe mjinga, umelala, utaua watu. Ningekasirika. Labda ningekuchukia wiki moja. Lakini ningejua."

"Ungeacha kukesha?"

"Sijui. Hata hiyo hukuniacha nijue."

Mirembe alikuwa na shuka mikononi. Alitaka kusema, nilikupenda, lakini neno lenyewe alipolipima mdomoni aliliona halijibu kitu. Alikuwa amedhani yeye ndiye mwenye macho pale garini, na kumbe kwa kila kikohozi alikuwa amemfunga Japheth kitambaa usoni, akakikaza kwa mapenzi, akamwachia usukani.

"Mirembe!" Bibi aliita kutoka ndani.

Aliingia. Ilikuwa saa ya kugeuzwa. Alipitisha mkono chini ya mgongo, akamgeuza, akapanga mito. Bibi alikuwa ametazama ukutani.

"Keshaondoka?"

"Bado, Bibi. Anangoja gari."

"Kala?"

"Sijui."

"Mtu hatoki nyumbani kwangu na njaa. Mpakulie."

"Bibi, labda Bwana Hatem ampelekee..."

"Nimesema wewe."

Mirembe akapakua wali na samaki wa kukaanga, akaweka na kachumbari, akatoka nao uani. Japheth aliipokea sahani pasipo kumtazama. Alianza kula polepole, kisha haraka, kama mtu aliyekuwa na njaa tangu asubuhi na hakujua. Mirembe alisimama pembeni, mikono mitupu, akingoja sahani.